Mama Mwalimu Anajibu: Wagombea Wawili Ambao Hakuna Aliyewatarajia

Swali

Jambo Mama Mwalimu. Tuko wanafunzi sita, tunapanga nyumba moja huku Kampemba. Jumapili usiku umeme ulikatika, tukakaa uani tukaanza kubuni uchaguzi wa Marekani wa 2028. Mmoja akasema Warepublican watamsimamisha Dwayne Johnson, yule mwanamieleka aliyegeuka mwigizaji, na Wademokrat watamsimamisha Oprah Winfrey wa televisheni. Tuligawanyika watatu kwa watatu, tukabishana mpaka bukari ikaungulia jikoni. Mwenzetu mwingine alitaka tumweke Arnold Schwarzenegger, tukamkatalia, lakini ukweli hatukuwa na sababu ya kumpa. Je, jambo kama hilo linaweza kutokea kweli? Na kwetu Kongo, wawili kama hao wangekuwa nani?

Wanafunzi wa Kampemba, Lubumbashi

Jibu

Wanangu, jambo sana. Barua yenu nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya dada yangu aliyekuwa akichambua lengalenga. Yeye alisikitikia bukari. Mimi nilifurahi. Marekani itachagua rais tarehe 7 Novemba 2028, na sisi, muhula wa miaka mitano ukiheshimiwa, tutachagua Desemba ya mwaka huo huo. Kijana anayeanza kulifikiria jambo hilo leo, hata gizani, anafanya kazi ya maana.

Nianze na lile jepesi. Katiba ya Marekani inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe ameishi nchini miaka 14. Haiulizi diploma wala kazi aliyofanya. Johnson alizaliwa California mwaka 1972, Winfrey alizaliwa Mississippi mwaka 1954, kwa hiyo wote wanapita. Schwarzenegger alizaliwa Austria. Aliruhusiwa kuwa gavana wa California, akatawala jimbo hilo kuanzia 2003 hadi 2011, lakini urais hawezi kuugusa. Na kama kesho mwingine atawaletea jina la Elon Musk, mwambieni huyo alizaliwa Pretoria. Winfrey alishasema hataki kugombea. Johnson alisimulia mwaka 2023 kwamba vyama vilimfuata kumuuliza. Kwa hiyo mlichobuni uani si hadithi ya sungura na fisi.

Lakini mlibishana juu ya sura za watu, na mimi nataka mtazame mlango walioingilia. Mgombea asiyetarajiwa haanguki kutoka mbinguni. Kuna sheria iliyomfungulia, na mara nyingi ni sheria ndogo ambayo siku inapoandikwa hakuna anayeisoma.

Chukueni mwaka 2016. Donald Trump hakuwa amewahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa wala kuwa mwanajeshi. Warepublican walikuwa na wagombea wakubwa 17. Kura za mchujo, za kumchagua mgombea wa chama, zikaanza, jimbo baada ya jimbo. Huko South Carolina Trump alipata asilimia 32.5 ya kura, chini ya theluthi moja, lakini kwa kanuni za chama huko akachukua wajumbe wote 50 wa mkutano wa kumteua mgombea. Wote! Wenzake walibaki wakigawana theluthi mbili za kura na mikono mitupu. Mchujo wote ulipokwisha alikuwa na kama asilimia 45 ya kura za chama chake, na uteuzi ukawa wake. Waliomtaka mtu mwingine walikuwa wengi kuliko waliomtaka yeye, ila hawakukubaliana ni nani. Mwezi wa kumi na moja akashinda urais kwa kura za wajumbe wa majimbo, ingawa Hillary Clinton wa Wademokrat alimzidi kwa karibu kura milioni 2.9 za wananchi.

Zamani mlango ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1940 Warepublican walikutana Philadelphia wakamteua Wendell Willkie, mwanasheria na mkuu wa kampuni ya umeme, mtu ambaye hakuwahi kuchaguliwa popote na ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa Mdemokrat. Alipita katika mzunguko wa sita wa kura za mkutanoni, huku watu waliojaa roshani wakipiga kelele jina lake. Siku zile wakubwa wa chama waliweza kuamua ndani ya ukumbi. Hata mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Wademokrat bila kushindana katika kura ya mchujo hata moja. Watu wakakasirika, kanuni zikabadilishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 1972, na tangu hapo mpiga kura wa kawaida ndiye anayeteua. Mtu maarufu asiye na rafiki hata mmoja kati ya wakubwa wa chama akapata njia.

Sasa tuseme Johnson na Winfrey wamefika. Bado hawashindani kwa kuhesabu vichwa vya nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa uchaguzi, jumla 538, na mshindi lazima afikishe 270. Karibu majimbo yote humpa anayeongoza wajumbe wote wa jimbo. Na akitokea mtu wa tatu, tuseme mwanamuziki, akanyakua majimbo mawili matatu hata asiwepo wa kufikisha 270? Hapo Baraza la Wawakilishi linachagua kati ya watatu wa juu, na kila jimbo linapiga kura moja tu. Wyoming yenye mbunge mmoja inakuwa sawa na California yenye wabunge 52. Anayepata majimbo 26 ndiye rais. Nusu yenu mtadhani natunga, lakini ilishatokea: katika uchaguzi wa 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa wajumbe 99, John Quincy Adams akafuata na 84, na Baraza likampa Adams.

Nije kwetu, maana swali lenu la pili ndilo lililonikalisha macho.

Mnaniuliza wawili wetu wangekuwa nani. Wanangu, sheria yetu ya leo haina nafasi ya wawili. Desemba 2023 orodha ilikuwa na majina 26, duru moja, anayeongoza amechukua. Hakuna mchujo wa chama ambao mwananchi wa komuni ya Katuba au Ruashi anapigia kura, na hakuna siku ambayo nchi nzima inasimama mbele ya sura mbili tu na kulazimika kuchagua.

Siku hiyo tuliwahi kuwa nayo mara moja: tarehe 29 Oktoba 2006. Nilikuwa mmoja wa wafanyakazi wa biro ya kupigia kura katika darasa la shule ya msingi huko Katuba. Katika duru ya kwanza, tarehe 30 Julai, karatasi ya kura ya urais ilikuwa na picha 33. Nilishaona watu wakiipeleka dirishani kwenye mwanga, wakiifuata kwa kidole safu kwa safu kama wanaotafuta jina la mtoto kwenye matokeo ya mtihani. Oktoba tukafungua pakiti mpya, na karatasi ilikuwa na picha mbili tu, Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba.

Kama saa nne asubuhi akaingia bibi mmoja, amefunga kitenge cha kijani, kadi yake ya mpiga kura ameifungia katika mfuko wa sukari. Nikampa karatasi. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena mbele. Akaniuliza, kwa sauti ya kutosha mashahidi wa vyama wote wageuke: "Mwanangu, wengine mumewapeleka wapi?" Nikamwambia wengine walishindwa, sasa ni hawa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Wangu hayupo. Basi lazima nifikiri upya." Akaenda nyuma ya kile kibanda cha katoni akakaa humo muda mrefu, mpaka kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari akaanza kupiga mluzi. Alipotoka alitumbukiza karatasi, akachovya kidole katika wino, akatupungia mkono huo huo wenye wino.

Nimefundisha elimu ya uraia miaka mingi, na sijawahi kueleza duru ya pili vizuri kuliko alivyoieleza bibi yule. Wangu hayupo, lazima nifikiri upya. Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.05, Bemba 41.95. Unaweza kubishana juu ya mengi ya mwaka ule, lakini kila mpiga kura alilazimika kuwaza juu ya mtu ambaye hakuwa wake.

Tarehe 20 Januari 2011 ibara ya 71 ya Katiba ilirekebishwa, duru ya pili ikafutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Ni kweli uchaguzi katika nchi kubwa kama yetu unakula pesa, nimeona masanduku yakifika kwa baiskeli. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2011 mshindi alitangazwa kwa asilimia 48.95. Katika uchaguzi wa Desemba 2018, wenye matokeo yaliyobishaniwa sana, mshindi alitangazwa kwa asilimia 38.57. Mimi natamani duru ya pili irudi. Nimelisema kanisani, nimelisema kwenye kilio, nalisema hapa.

Mchezo wenu ulinipa wazo, nikaujaribu. Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliwaita majirani uani kwangu. Tulikuwa watu 31. Nilikata vipande vya karatasi kutoka daftari la mjukuu, nikatunga wagombea wanne wasio na majina: mchezaji mpira maarufu, mama muuza samaki wadogo wa kapenta sokoni, mwalimu mstaafu, na mchungaji. Kila mmoja aliandika herufi moja. Mjukuu wangu wa miaka 12 alihesabu, akichora mistari ya makaa ukutani, mitano mitano, kama tulivyofanya Katuba. Mchezaji mpira 11, mama wa kapenta 8, mwalimu 7, mchungaji 5. Kwa sheria ya leo, mchezaji ni rais wa uani kwangu, na watu 20 kati ya 31 hawakumtaka.

Nikakata vipande vingine. Safari hii wawili tu. Mama wa kapenta 17, mchezaji mpira 14.

Uani uligeuka soko. Watu wale wale, viti vile vile, juisi ile ile ya tangawizi bado iko kwenye vikombe, na rais amebadilika. Jirani yangu, fundi wa baiskeli aliyempigania mchezaji kwa jasho, alikwenda ukutani akahesabu mistari mwenyewe mara mbili.

Na msidhani ni ya uani tu. Liberia, mwaka 2005: George Weah, mchezaji mpira aliyepata tuzo ya Ballon d'Or mwaka 1995, aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 28.3. Ellen Johnson Sirleaf, mwanamke mchumi mwenye miaka 66, alikuwa wa pili kwa 19.8. Wawili wasiotarajiwa kabisa, mbele ya nchi iliyotoka vitani juzi! Duru ya pili Sirleaf akapata asilimia 59.4, akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa rais. Kama Liberia ingekuwa na sheria yetu ya 2011, asubuhi ile wangemwapisha mchezaji mpira. Weah hakukata tamaa. Alikuwa seneta, akagombea tena mwaka 2017, akamshinda Joseph Boakai duru ya pili kwa asilimia 61.5. Mwaka 2023 Boakai akamshinda yeye kwa tofauti ndogo mno, na Weah akampigia simu kumpongeza kabla hesabu haijakamilika. Simu ile mimi naiweka juu ya mabao yake yote.

Kwa hiyo, wanangu, mchezo wenu uendelee, ila badilisheni kanuni kila mnapoucheza. Mara moja kwa mtindo wa Marekani, mkigawana vyumba kama majimbo. Mara moja duru moja, mara moja duru mbili. Niandikieni hesabu mlizopata, na bukari iangalieni.

Swali

Mama Mwalimu, je, mgombea akifa katikati ya uchaguzi inakuwaje huko Marekani? Tulibishana kazini.

Baba wa watoto wanne, Ruashi

Jibu

Papa, inategemea amekufa lini. Akifa kabla ya siku ya kura, chama chake kinateua mwingine. Akifa baada ya wananchi kupiga kura lakini kabla wajumbe wa majimbo hawajapiga zao, mambo yanakuwa magumu. Mwaka 1872 Wademokrat walimsimamisha Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York aliyetumia maisha yake yote kuwashambulia wao wenyewe. Huyo ndiye mgombea asiyetarajiwa kuliko wote ninaowajua. Alishindwa na Ulysses Grant, akafa tarehe 29 Novemba. Wajumbe 66 waliokuwa wake wakabaki yatima. 63 kati yao wakawapa kura watu wengine, na watatu wakampigia marehemu hivyo hivyo. Kongresi ilikataa kuzihesabu hizo tatu.

Swali

Mama Mwalimu, ninauza kapenta na vitoyo katika soko la komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nilihesabu mistari ile uani kwako, mimi ni jirani wa jirani yako. Niliporudi nyumbani nilimwambia mwanangu kwamba muuza kapenta ameshinda urais, akacheka mpaka akalala chini. Nilikaa na kicheko chake usiku wote. Niambie ukweli: mtu kama mimi sheria inamruhusu?

Mama wa soko la Kenya

Jibu

Mama, shikamoo kwa kazi. Katiba inakuruhusu. Ibara ya 72 ya Katiba inataka uwe Mkongomani wa asili, uwe na miaka 30 na zaidi, na uwe na haki zako zote za kiraia na kisiasa. Kazi yako haikuzuii.

Kinachokuzuia ni kitu kingine, na sitakuficha. Mwaka 2023 kila mgombea urais alitakiwa kulipa dhamana ya faranga milioni 160, zaidi ya dola 60,000 kwa siku zile, na pesa hizo hazirudi. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kuandikwa katika mchujo wa urais wa 2024 ilikuwa dola 1,000. Mama anayeuza kwa kopo, anayelipa minervali, yaani ada ya shule ya watoto, kabla ya kula, hawezi hata kuusogelea mlango wetu. Ni mlango uliopimwa kwa mfuko, na jambo hilo linaniuma kuliko duru ya pili. Tazama wanawake walioweza kuupita: mwaka 2006 wanne kati ya wagombea 33, mwaka 2011 hakuna hata mmoja, mwaka 2018 mmoja, mwaka 2023 wawili. Na hata jina kubwa halitoshi. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, mwenye Nobel ya Amani ya 2018, aligombea 2023 akapata chini ya asilimia moja.

Lakini mama, wiki ile ile ya Desemba 2023 kulikuwa na karatasi nyingine, ya madiwani wa komuni katika miji mikuu ya majimbo, Lubumbashi ikiwamo. Wachache waliisoma, macho yote yalikuwa kwa rais. Diwani ndiye anayekaa karibu na mambo unayoyajua wewe: ushuru wa meza sokoni, mfereji unaofurika mvua ikianza, choo ambacho wanawake 200 wanakitumia. Unajua kodi inayokusanywa asubuhi, unajua nani anapewa risiti na nani hapewi. Hayo maarifa hayapo katika diploma yoyote niliyowahi kuitia sahihi.

Njoo kwangu Jumamosi, baada ya soko. Ninayo nakala ya Katiba, ile ndogo ya mfukoni, imechakaa lakini kurasa zote zipo. Tutasoma pamoja ibara ya 72, kisha tutaandika karatasi moja ya yale uliyoyaona mezani kwako mwaka huu, kodi kwa kodi. Mlete na mwanao. Hesabu za mistari ya makaa bado ziko ukutani, sijazifuta.